Nabishana na bakigraundi

Swali ambalo mchoraji anaulizwa kuliko yote, hata kuliko lile la bei, ni unawaza nini ukiwa unachora. Mtu anasimama nyuma ya bega lako, mkono mfukoni, anategemea umjibu kitu kizito, kwamba unawaza utamaduni, unawaza Afrika, unawaza roho ya mwanadamu, na kusema ukweli ukimjibu hivyo anaridhika na pengine ananunua kabisa. Mi nikiwa nachora nawaza thina, ile ya kuzimulia rangi. Nawaza kama ile njano ya jana imekauka au bado inanata kwa chini. Nawaza mkono wa huyu mama uishie wapi, na nikiuficha nyuma ya ndoo nitakuwa nimekwepa kazi au nimefanya la maana. Mawazo yenyewe ndo hayo, madogo madogo, na mengi yanahusu muda tu: nianze lini, nisubiri mpaka lini, niweke brashi chini lini.

Sa nataka niyaandike yanavyokuja, kwa picha moja, ya Soko la Samaki Feri, hapa Dar, maana hiyo ndo imebishana na mimi kuliko picha yoyote ya mwaka huu.

Ila mjue kwanza natokea wapi, bila hapo hamtaelewa ugomvi wenyewe. Mi nimefundwa mtindo wa uchoraji wa Tingatinga, pale Msasani, kwa fundi ambaye naye kafundwa na waliofundwa na wale wa mwanzo. Mzee Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza kuchora kwenye 1968 hivi, akafa 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, yani kama miaka minne tu ya kazi, na mpaka leo kuna watu tunalipa ada za watoto kwa jina lake. Alitumia alichokipata, vipande vya hadibodi vya futi mbili kwa mbili na rangi ya mafuta ileile ya kupakia milango na baiskeli, akawa anauza pale Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wazungu wa maeneo yale. Hadibodi wengi tumeshaiacha, tunawamba kitambaa kwenye fremu ya mbao ili mgeni aweze kuikunja akaiweke kwenye begi. Rangi hatujaiacha. Na hiyo rangi ndo inayoamua nusu ya mambo kabla hujaamua wewe.

Rangi ya mafuta juu inaweka utando kama maziwa yaliyopoa, ukigusa kwa kidole unasema imekauka, kumbe chini bado mbichi. Ukiwahi kupiga koti la pili zito inakunja, inajikusanya vimikunjo vidogovidogo na hapo huna la kufanya zaidi ya kukwangua. Ukitia thina kali kwenye rangi ya juu inakwenda kuinua ya chini. Halafu kila rangi na tabia yake. Nyeupe inafunika kitu chochote. Njano haifuniki kitu, ukiiweka juu ya nyeusi unapata kijani fulani hivi kichafu cha maji ya mtaro, kwa hiyo kama unataka doti la njano kwenye mgongo mweusi inabidi upige doti jeupe kwanza, usubiri likauke, ndo urudi na njano juu yake. Maana yake ni nini, maana yake lile doti ambalo mteja anaona limepigwa tu kwa furaha, pa, pa, pa, liliamuliwa juzi. Kuchora kwetu kwa namna hii ni kukumbuka ulichokusudia, na kubishana kama bado unakitaka.

Na mpangilio nao haubadiliki. Unaanza na bakigraundi, yani rangi ya nyuma ya picha nzima, unachanganya rangi mbili tatu zikiwa mbichi mpaka zinayeyukiana, nyekundu inapanda kuwa chungwa, chungwa inapanda kuwa njano. Unaacha ikauke. Unachora kwa chaki, unajaza miili, unaacha, ndo unakuja na manyoya, macho, majani, madoti. Bakigraundi ikishakauka ndo imekaa hiyo, huigusi tena, hiyo ndo sheria ambayo sijawahi kuisikia ikisemwa kwa mdomo lakini kila mtu anaifuata.

Hapa niseme kitu kidogo, watu wanatucheka sana kwamba tunakopi. Ni kweli tunakopi. Twiga wawili, mbuyu, mlima una theluji juu, tumechora hiyo mpaka mikono inaijua yenyewe gizani. Ila mi naona anayecheka hajawahi kuchora kitu kilekile mara nyingi hivyo. Ukishamchora twiga mpaka huna haja ya kumfikiria twiga, kinachobaki mkononi ni vitu ambavyo mchoraji wa mara moja moja havioni: shingo ipindie wapi, pengo kati ya shingo mbili liwe na umbo gani, jicho liangalie ndani ya picha au nje. Mi shule ya kuamua nimeipata pale, kwenye twiga wa kumi na kitu elfu, siyo kwenye picha zangu za "ubunifu". Basi, tuendelee.

Picha ya Feri ilianza kwa ubahili. Nilikuwa na kanvasi kubwa iliyoandaliwa kwa ajili ya tembo, bakigraundi ya machweo tayari imekauka safi, halafu ile oda ikayeyuka. Kanvasi hiyo ni hela. Na Feri nilikuwa nataka kuichora muda mrefu, siyo ile pantoni na watu wanavyogombania kupanda, hapana, nilitaka mnada wenyewe wa samaki, asubuhi, dalali katikati na watu wamemzunguka na ndoo zao. Nikajiambia bakigraundi ya chungwa si mbaya, jua si linachomoza upande wa bahari. Nikachukua chaki.

Sa nikichora kuna sauti tatu zinaongea. Ya kwanza ni ya fundi wangu, ambaye mpaka leo nina mke na watoto bado kichwani ananiita dogo. Ya pili ni ya dukani, kule picha zangu zinakouzwa. Ya tatu ni yangu mwenyewe, na hiyo ndo haina uhakika kuliko zote, inaongea taratibu na inapenda kuja baadaye wakati wenzake wameshamaliza.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa meza. Ukisimama Feri ukaangalia meza ya samaki kwa urefu wa macho yako ya kawaida, unachoona ni ukingo wa meza na migongo ya watu, samaki wenyewe huwaoni. Ukichora hivyo, kama kamera inavyoona, umechora mnada wa samaki usio na samaki. Nikawa nafuta chaki, naandika, nafuta. Nikamkumbuka mzee Sam Ntiro. Huyu alizaliwa Machame 1923, akasoma uchoraji Makerere na baadaye chuo cha sanaa cha Slade kule London, akaja kuwa balozi wetu wa kwanza Uingereza pia, na pamoja na shule zote hizo aliendelea kuinua ardhi. Namaanisha kwenye picha zake shamba linapanda juu kuelekea kwako, kila mtu anaonekana, kila mgomba unaonekana, hakuna aliyezibwa eti kwa sababu yuko nyuma. Kuna waliosema hajui umbali. Jamaa amemaliza Slade asijue umbali, jamani? Aliamua. Picha yake ya 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iko kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa New York mpaka kesho.

Nikainua meza. Watu nimewachora kwa ubavu, meza nimeichora kama naichungulia kutoka juu ya bati, samaki wote wamelala wazi, kolekole, changu, vibua kwenye sinia, pweza mmoja pembeni anatiririkia chini. Haiwezekani kimacho, lakini ndo unavyoikumbuka ukishafika nyumbani.

Fundi: "Katikati pale pamebaki wazi. Jaza."

Mimi: "Pale pamemzunguka dalali. Watu wanampisha."

Fundi: "Nafasi tupu ni hasara dogo. Weka hata paka."

Na Feri paka wapo, siyo uongo. Huu mchezo wa kujaza tumeurithi wote, ukimwangalia hata mchoraji mwenzetu mzee George Lilanga, Mungu amrehemu, mashetani yake yanabanana mpaka pembeni kabisa ya ubao, sikio la huyu limeingia kwenye mguu wa yule, na ni raha kuangalia. Ila kwangu mi nilikuwa nataka ile sekunde dalali ametaja bei na hakuna aliyejibu bado. Kimya hicho unakichora na nini, kama siyo nafasi? Paka nimemweka, lakini chini ya meza, mkia tu. Fundi apate chake.

Halafu kolekole. Hapa ndo nimekaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, na nitawaambia kwa nini. Madukani kuna kopo la rangi ya silva, ile ya kupakia mageti. Ukimtazama kolekole aliyetoka majini asubuhi unasema huyu ni silva, tena geti jipya kabisa. Mkono ukaenda kwenye kopo. Nikajiuliza, hivi ni silva kweli? Nikatoka nikaenda kununua mmoja, nikamweka kwenye beseni mlangoni, nikakaa kwenye kigoda nikamwangalia mpaka mke wangu akaanza kuuliza kama tunakula au tunachora. Na ukimwangalia samaki kwa muda huo ile silva inapotea. Mgongoni kuna kijani cha bluu, cheusi kidogo. Ubavuni ni kijivu ambacho siyo kijivu, kinachukua rangi ya chochote kilicho jirani, upande wa beseni la bluu amekuwa wa bluu, upande wa kanga ya mke wangu kuna mstari wa zambarau. Tumboni nyeupe, lakini nyeupe ya maziwa. Na njano kwenye mapezi ambayo sikuwahi kuiona miaka yote ninayokula samaki.

Rangi ya silva ina ubaya wake mmoja, inang'aa kwa mwanga wa chumba unamoitundika. Picha ina asubuhi yake na mwanga wake, halafu hapohapo kuna samaki mmoja anang'aa kwa taa ya sebuleni kwako. Anatoka kwenye picha. Kopo nikalirudisha chini ya meza. Kolekole nimemjenga kwa kijivu tatu, nyeupe, bluu kidogo ya anga, na ile njano, kila moja ikisubiri mwenzake ikauke, na huu ulikuwa mwezi wa nne, masika, unyevu, rangi haikauki, vumbi la barabarani halina masika linakuja tu kujibandika. Mwisho kabisa jicho. Duara jeusi, pete ya njano kuzunguka, na doti moja jeupe juu kushoto kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, siyo brashi, brashi inaacha mkia. Kabla ya doti lile alikuwa samaki wa kitabuni. Nilivyoliweka akawa amekufa leo asubuhi.

Na hapo sasa nikaona tatizo, au tuseme sauti ya tatu ndo ilipoamka. Samaki wangu alikuwa na mwanga wa masika. Mwanga wa mawingu, wa saa kumi na mbili na nusu, unaotoka kila mahali na hautoki popote. Nyuma yake kuna anga la tembo linawaka chungwa na nyekundu. Huyu samaki angekuwa chini ya anga lile ubavu wake mzima ungekuwa wa dhahabu.

Njia zilikuwa mbili. Nimpake samaki uchungwa, afanane na anga. Au nibadilishe anga, kitu ambacho hatufanyi.

Duka: "Chungwa linauza kaka. Mgeni anaingia mlangoni anaona chungwa kwanza."

Fundi: "Bakigraundi haiguswi."

Mimi: kimya. Nikaenda kuchora watu nikawaacha wabishane.

Watu nao walikuwa na kesi yao. Sisi kwenye Tingatinga mtu mweusi unamchora kwa nyeusi ya kopo, nyeusi tii, halafu unampa nguo za rangi na anapendeza. Ni uamuzi mzuri na sina nia ya kuutukana, nyeusi ile inashika picha nzima. Lakini mi nilikuwa nimeshatumia nyeusi ya kopo kwenye jicho la samaki na kwenye maji machafu ya sakafuni, nikaona siwezi kumpa dalali rangi ileile ya mtaro. Nikachanganya kahawia na nyekundu ya udongo na tone la bluu. Ile bluu ndo yenyewe. Asubuhi ya mawingu ngozi yetu kwenye paji la uso na kwenye shavu inachukua bluu, nenda kituo cha daladala alfajiri ukaangalie, usimkodolee mtu macho tu. Nilivyoweka bluu kwenye mapaji ya watu wote kwenye picha, lile anga likawa limeshindwa kesi. Watu kumi na kitu na samaki wote wanasema kuna mawingu, anga peke yake linasema kuna machweo.

Kuna picha ya Mfaransa Henri Matisse ambayo niliisoma habari zake zamani na imenikaa. Mwaka 1911 alichora studio yake mwenyewe, chumba na picha zake ukutani, viti, saa kubwa. Ukiiona leo chumba chote ni chekundu, sakafu, ukuta, meza, vyote nyekundu moja. Wataalamu walivyoichunguza wakakuta chini kulikuwa na picha nyingine kabisa, sakafu ilikuwa bluu, kuta za pinki. Jamaa alikuwa ameshamaliza chumba cha kawaida, akaiacha ikauke kidogo, halafu akaja akakifunika karibu chote na nyekundu. Na ile mistari myembamba ya viti na meza unayoiona haikuchorwa juu. Ni mahali ambapo nyekundu haikufika, yani aliacha upenyo mwembamba, rangi ya chini ndo inachungulia. Hiyo picha nayo iko makumbusho yaleyale yenye ile ya mzee Ntiro.

Sisemi mimi ni Matisse, msije mkanipiga. Nasema tu kwamba kama mtu aliweza kuweka bakigraundi mwisho, basi sheria yetu ni mazoea ya rangi tu. Na rangi kwa bahati iliruhusu, kijivu kimejaa nyeupe, nyeupe inafunika chochote, chungwa haina ubavu.

Nikachanganya kopo zima kwa mara moja, maana kijivu ukikichanganya mara mbili hakirudi kilekile. Nyeupe, nyeusi kidogo sana, bluu, na tone la njano ili kisiwe cha hospitali. Mafuta ya taa badala ya thina, yanakausha taratibu ila hayainui cha chini. Nikaanza kona ya juu, mahali ambapo hata nikijuta hapaonekani. Sikujuta. Nikashuka nacho mpaka kwenye vichwa vya watu na hapo nikahamia brashi ndogo, na nilipofika kwenye bega la yule mama wa kwanza nikasita, brashi iko hewani, inataka kudondosha. Nifikishe kijivu mpaka kwenye ngozi, au niache?

Nikaacha uzi. Upenyo mwembamba sana wa chungwa ukabaki kati ya bega na anga. Chungwa na bluu zikiwa jirani kila moja inampandisha mwenzake, hilo tunalijua tangu kwa twiga, na pale ilionekana kama yule mama ana joto lake mwenyewe. Basi nikafanya hivyo kwa wote. Siyo sawasawa, sehemu nyingine uzi unanenepa, sehemu nyingine unapotea kabisa, nikaona nikiunyoosha utaonekana umechorwa. Dalali nimemwachia mnene kidogo. Paka hana.

Kuacha ndo ilikuwa kazi ya mwisho na ngumu. Kulikuwa na vitu vingi bado vya kuweka, boti, bendera kwenye boti, Kigamboni kwa mbali ng'ambo. Kila nikikaa kunywa chai naona mahali pa kuweka kitu. Mi nina kipimo changu, siyo cha kitaalamu: naigeuza picha juu chini, naenda zangu nje, nikirudi naangalia jicho linakimbilia wapi kwanza. Likikimbilia mahali ninapopataka, naweka sahihi. Likikimbilia kwingine, kuna kitu cha kufanya. Safari hii lilikimbilia ile nafasi tupu iliyomzunguka dalali. Boti sikuziweka.

Dada wa dukani alivyoiona alinyamaza, halafu akasema, "Kaka, mbona imepoa hivi?" Nikamwambia ni masika. Akasema wageni wanakuja kiangazi. Hoja hiyo sina jibu lake. Akaitundika ukuta wa pembeni kati ya pundamilia na Kilimanjaro, na kwa wiki ya kwanza kila aliyeingia aliipita akaenda kwenye chungwa, kama alivyosema. Halafu akaja mzee mmoja, siyo mgeni, mtu wa hapahapa Dar, amekuja kutafuta zawadi ya harusi, akasogea mpaka pua inakaribia kugusa rangi akauliza huyu kolekole ni wa bei gani. Akauliza samaki, siyo picha. Walipatana.

Juzi dada kanipigia, anataka nyingine kama ile kuna mtu kaiulizia, ila huyo mtu ameomba anga liwe la machweo, chungwa. Nimemwambia inawezekana, ila samaki itabidi nimchore upya kwa mwanga wa jioni, na kolekole wa kumwangalia atanunua mteja.